Mlio Uliokatika Mwezi wa Nane

Kisondela, Tukuyu
18 Mei 2025

Kaka Nsajigwa,

Ugonile. Huku tumeamka wote na tunapumua, tunashukuru. Mvua bado haijachoka, barabara ya kwetu imekuwa tope tupu na bodaboda wanatushusha kwenye daraja, tunamalizia kwa miguu. Baba mdogo Abrahamu amepata ndama jike, basi tumekoma, kila anayepita anaitwa kuja kumwona huyo ndama. Maparachichi yamebeba vizuri. Shamsia wa dukani anakusalimu sana. Barua zako zikifika kwenye sanduku la posta la mumewe pale mjini, ananiletea mwenyewe ndani ya mfuko wa sukari, ili Mama asione ule muhuri wa gereza. Mama hajambo kwa kiasi chake, goti linamsumbua asubuhi tu.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, maana nimelizungukia vya kutosha.

Mtambo wako unafanya kazi. Zile fimbo mbili za alumini ulizofunga juu ya mwanzi nimezipandisha kidogo, migomba ilikuwa imezimeza. Kila asubuhi nachomeka kile kidude chako kwenye kompyuta, nasubiri setilaiti ichomoze, na mlio unaanza, tiki-taka, tiki-taka, kama saa ya ukutani. Picha inajichora mstari kwa mstari. Naliona Ziwa Nyasa, naliona Rukwa, nayaona mawingu yamelala juu ya mlima wetu kama kawaida yao. Akina mama wa kikundi cha maparachichi wananiuliza kama wachume au wasichume, nawajibu, na mara nyingi napatia. Nimeshakuwa mtu wa maana hapa kijijini, usicheke.

Lakini Mama hatazami picha. Mama anakuja kusikiliza mlio. Unakumbuka ulivyomwambia siku ile unaondoka? "Mama, hiki kitu kikipita juu yako kinapita na juu yangu. Ukisikia kinagonga, ujue nipo." Wewe ulikuwa unamliwaza mzazi. Yeye amelichukua kama lilivyo. Kila asubuhi anavuta kigoda, anakaa karibu na kompyuta, mlio ukianza anauamkia kwa Kinyakyusa, anauuliza umelalaje, umekula nini huko Zambia. Ukiisha anasema, "Ameamka," halafu ndiyo anaenda kuwasha moto. Hawezi kunywa hata chai kabla hajasikia.

Kaka, naogopa. Anaamini yule ni wewe. Nilikuapia sitasema, lakini niruhusu nimwambie ukweli, kwamba hukufika Zambia, kwamba uko gerezani Dodoma na kwa nini uko huko. Nimechoka kumdanganya mama yangu kila siku ya Mungu.

Ni mimi mdogo wako,
Tupokigwe


Gerezani, Dodoma
9 Juni 2025

Mdogo wangu Tupokigwe,

Salamu nyingi kutoka kwenye nchi kavu. Huku sijaona tope tangu nifike, na nalitamani, amini usiamini. Afya yangu nzuri. Afande anasoma barua hii kabla yako, kwa hiyo mwamkie na yeye. Mpe hongera baba mdogo kwa ndama wake, na mwambie asimpe jina langu. Shamsia mwambie sukari yake imekuwa posta ya heshima.

Nimefurahi ulivyopandisha antena. Sasa hakikisha zile fimbo zimelala kaskazini na kusini, na pembe ya kati iwe pana, isijibane kama mkasi. Ukiona mistari myeupe inakata picha, ni chaja ya simu ya mtu. Chomoa. Nimejaribu kukisia kwa mchoro sakafuni saa gani inawapitia, wenzangu wananiona nimechanganyikiwa.

Kuhusu hilo jingine, hapana. Nasema hapana, Tupo, na nakuomba usiniulize tena. Wewe ulikuwepo. Baba alipofia barabarani, Mama alinishika mkono akanipeleka mgombani, kaburi bado bichi, akaniapisha sitashika usukani maisha yangu yote. Niliapa kwa mdomo wangu. Sasa unataka nimwambie kwamba nilikwama Tunduma mpakani, kwamba nilipewa lori nikalichukua, na yaliyotokea baada ya hapo? Ni bora aongee na setilaiti.

Kwani kuna ubaya gani? Anaamka, anasikia, anawasha moto. Kuna wazazi wengi ambao hawapati hata hicho. Mimi nikitoka nitakuja nyumbani kutokea upande wa Tunduma na kitenge cha Zambia mkononi, na mambo yataishia hapo.

Niandikie Mama anasema nini hasa akiuamkia. Neno kwa neno.

Kaka yako,
Nsajigwa


Kisondela, Tukuyu
30 Juni 2025

Kaka,

Ugonile. Baridi ya mwaka huu inauma, tunalala na masweta. Nimelimiwa kipande cha viazi na vijana wa kanisani. Ndama ameitwa Zawadi, pumua. Afande naye namwamkia, shikamoo Afande.

Umetaka neno kwa neno. Haya. Juzi alisema, "Mwanangu, sauti yako leo imefifia, umelala na njaa?" Ilikuwa imefifia kwa sababu mimi nilikuwa nimesukuma mwanzi kwa bahati mbaya. Akakaa bila kula mpaka ya jioni ilipopita ikasikika vizuri. Unataka na mengine?

Sasa sikiliza, na uache mizaha. Setilaiti moja imekufa. Ile namba kumi na nane, iliyokuwa inatupa picha safi kuliko zote. Mapema mwezi huu nilisubiri, saa yake ikafika, ikapita, nikasikia mchwaa tu, kama redio isiyoshika stesheni. Nikadhani antena. Nikapanda juu ya ngazi na Mama ananishikia huku ananiuliza, "Vipi, yuko?" Nikamwambia yuko, betri ndiyo mbovu. Nilipofika Tukuyu nikaingia kwenye lile kundi lako la mtandaoni la wanaonasa picha, nikakuta watu wanaaga. Wamarekani wamezizima wenyewe. Zimezeeka. Zimebaki mbili zenye huo mlio, ya kumi na tano na ya kumi na tisa, nazo wanasema hazitamaliza mwaka, hata mwezi wa nane ukipita tushukuru.

Umeelewa ninachokwambia? Zikizimwa hizo mbili mlio umekwisha. Hautarudi. Na kwa Mama huo mlio ni pumzi yako.

Nifanyeje, Nsajigwa? Mimi ndiye ninayekaa naye. Wewe unachora sakafuni, mimi ndiye ninayemtazama usoni. Niandikie mstari mmoja tu: "Mwambie." Nitakuwa mpole, nitamwita na mchungaji, nitamshika mikono. Akiambiwa sasa akiwa na nguvu atalia, atakasirika, atakuapiza kidogo, halafu atakuwa na mtoto gerezani. Huyo ni mtoto bado. Nakuomba kwa jina la Baba.

Tupokigwe


Gerezani, Dodoma
27 Julai 2025

Mdogo wangu,

Barua yako imechelewa kunifikia, usidhani nilikudharau. Mimi mzima, kikohozi kidogo cha vumbi. Ndama Zawadi nimemsikia. Umefanya vizuri kulima viazi.

Nimelifikiria hilo la setilaiti tangu nilipolisoma, na nimepata dawa. Kuna za Warusi. Zinapita masafa hayohayo, antena ileile, huhitaji kununua chochote. Ila hizo zinatuma kwa njia nyingine, kwa hiyo utahitaji programu nyingine. Nenda Tukuyu, waombe vijana wa lile kundi wakuelekeze, wakuwekee. Picha zake ni nzuri ajabu, Tupo. Zina rangi. Utaona mpaka kingo za Ziwa Nyasa, utaona mto ukimwaga tope ziwani mvua zikinyesha. Hao akina mama wako wa maparachichi watakubeba mabegani.

Basi zikizimwa za Wamarekani utahamia huko siku hiyohiyo, Mama hatajua. Mwambie nimebadilisha mashine. Mwambie nimepandishwa cheo huko Zambia.

Hilo la kumwambia, jibu langu ni lilelile. Hukuwa mahakamani. Hukusikia yaliyosomwa. Kuna vitu mtu akishavisema kwa mama yake hawezi kurudi kukaa kwenye kigoda chake akala ugali. Niachie hiki kimoja, nimekosa vingine vyote.

Usiandike tena "nakuomba kwa jina la Baba." Inaniumiza.

Nsajigwa


Kisondela, Tukuyu
24 Agosti 2025

Kaka,

Leo sikuulizi habari za huko. Zimezimwa. Zote mbili, ndani ya wiki moja, ya kumi na tisa ikatangulia na ya kumi na tano ikafuata.

Ya kumi na tisa ilipokosekana nilimwambia Mama ni betri. Akakubali kwa sababu ya kumi na tano ilikuwepo. Alfajiri moja ilipokosekana na hiyo, nilikaa mbele ya kompyuta nikasikia ule mchwaa, na Mama amekaa pembeni yangu na shuka lake, mikono imekunjwa. Nikazungusha hiki, nikazungusha kile, jasho linanitoka na baridi ile. Saa yake ikapita. Mama akasema, "Jana aligonga taratibu sana. Nilijua."

Sikukata tamaa, nilikuwa nimeshakwenda Tukuyu nikawekewa programu yako ya Warusi. Siku iliyofuata nikamwita. Nikamwambia maneno yako yote, mashine mpya, umepandishwa cheo. Ikapita. Kaka, picha ile nzuri mno, mlima wetu una kijani chake, ziwa la buluu, wingu jeupe kama pamba. Nilitaka kulia kwa uzuri. Lakini mlio wake haugongi. Unavuma. Unavuma mfululizo kama mvua ya mawe kwenye bati. Mama aliusikiliza kuanzia mwanzo mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akaniambia, "Huyu si mwanangu. Huyu ni upepo. Zima."

Nikamwonyesha picha, nikamwambia tazama Zambia hii hapa. Akaniuliza, "Mtu akifa picha yake haibaki?"

Tangu siku hiyo hali chakula. Hawashi tena moto, jikoni napika mimi. Nikimpa ndizi anazigusa anarudisha. Anakunywa maji, na chai nikimlazimisha. Nimemwapia kwamba uko hai. Akanishika kidevu akasema, "Umejuaje?" Umejuaje, kaka! Nilikuwa na jibu kwenye mfuko wa sukari, chini ya godoro langu, muhuri na kila kitu, nikafunga mdomo kwa sababu wewe umeniambia nifunge. Sijawahi kukuchukia maishani. Dakika ile nilikuchukia.

Naiweka barua hii kwenye basi la Dodoma lenyewe, kondakta ameniahidi kuifikisha mpaka mlangoni. Jibu upesi. Jibu hata kwa neno moja. Akifa kwa njaa akikulilia wewe uliye hai, nitakuja huko Dodoma kukwambia mwenyewe, na Afande asikie.

Tupokigwe


Kisondela, Tukuyu
7 Septemba 2025

Nsajigwa,

Hujajibu. Kondakta anaapa aliifikisha. Au umeisoma ukaikunja?

Baba mdogo Abrahamu amekuja na wazee wa ukoo. Mama amewaita mwenyewe. Amewaambia mwanawe amefia ugenini, mwili hautapatikana, anaomba aliliwe kabla na yeye hajaondoka. Wakaniuliza mimi. Nikasema sina hakika kama amekufa. Baba mdogo akasema, "Una hakika kama yuko hai?" Nikatazama chini. Basi wakapanga. Msiba utaanza Ijumaa, tarehe kumi na tisa. Ng'ombe ametolewa. Mchungaji amekubali kwa shingo upande.

Mama amejifunga kitambaa kiunoni kama mfiwa. Amekwisha, kaka. Khanga inamzunguka mara mbili. Akisimama anashika ukuta. Shamsia alimletea uji wa ulezi na maziwa, akampigia magoti kabisa, Mama akaonja kijiko kimoja kwa ajili ya heshima ya mgeni.

Nimeapa kwako na nimelinda kiapo changu mpaka hapa. Wewe wa viapo unajua kinavyolemea. Kama Ijumaa hiyo itafika na sijapata neno lako, nitakivunja mbele ya watu wote, na sijui kama wataniamini. Watasema namtafutia Mama faraja.

T.


Gerezani, Dodoma
14 Septemba 2025

Tupo, Tupo mdogo wangu,

Nilikuwa shambani. Wanatuchukua kwenda kulima shamba la gereza, mbali, tunalala hukohuko. Nimerudi jana nikakuta barua zako mbili zimewekwa pamoja. Nimezisoma nimesimama, nikakaa, nikazisoma tena. Afande mwenyewe aliniletea maji. Ndiye ameniahidi kuitoa hii leo hii kwa basi.

Nilikuwa mjinga. Niliona aibu yangu kubwa kuliko tumbo la Mama. Mwambie. Mwambie yote. Usimwambie kwa maneno yako, msomee haya hapa chini, polepole, kwa Kiswahili halafu kwa Kinyakyusa, asije akasema ni wewe umetunga.

Mama, mimi ni Nsajigwa wako. Siko Zambia, sikufika. Niko gerezani Dodoma, mzima, nina kikohozi tu. Ule mlio haukuwa mimi, Mama. Ulikuwa mashine ya watu, wameizima. Mimi sikuzimwa. Nilikwama Tunduma, njaa ikanipata, nikapewa lori la mizigo nikaliendesha. Nilivunja kiapo nilichokula mbele ya kaburi la Baba. Mwaka jana, Ilula, karibu na wauza vitunguu, nilikuwa nakwenda kasi na nilikuwa nimechoka, lori likaniponyoka. Niliua watu wawili. Nilihukumiwa kwa haki. Mama, nitukane, nilaani, nifukuze kwenye ukoo, lakini kula. Nakuomba kula. Mimi ni mzima.

Tupo, ukimaliza kusoma mshike. Anaweza kuanguka.

Mungu aifikishe kabla ya Ijumaa.

Nsajigwa


Kisondela, Tukuyu
28 Septemba 2025

Kaka Nsajigwa,

Ilifika Ijumaa yenyewe, watu wameshajaa uwanjani. Shamsia alikuja mbio na bodaboda kutoka mjini, hakuificha kwenye sukari, ameishika juu mkononi kama anayeleta hati ya mahakama. Tayari nilikuwa nimeshasema. Asubuhi nilisimama nikawaambia yuko hai, yuko gerezani. Ikawa kama nilivyokwambia. Baba mdogo alinishika bega akaniambia, "Pole, mwanangu, kalale kidogo."

Basi nikaisoma. Nilisimama mlangoni ili walio ndani na walio nje wote wasikie. Niliposoma "Mimi sikuzimwa" akina mama wakaanza kupiga vigelegele, wengine wanalia. Niliposoma la Ilula wakanyamaza. Nilisoma kwa Kiswahili, nikarudia kwa Kinyakyusa kama ulivyotaka.

Mama hakuanguka. Alikaa pale kwenye mkeka amenyoosha miguu. Akaomba karatasi. Akautazama mwandiko, akaugusa ule muhuri kwa kidole, akarudisha. Nikaona machozi.

Baba mdogo akasimama, akawashukuru watu, akasema basi, msiba hakuna, mwenye chakula ale aondoke kwa amani. Watu wakaanza kukusanya mikeka. Mama akasema, "Nani amewaambia waondoke?"

Baba mdogo akamwambia, "Shemeji, mtoto yuko hai."

Akasema, "Nimesikia. Nsajigwa yuko hai. Atasubiri. Hapa wametajwa waliokufa wawili, na watu wamekuja kulia, na chakula kimeiva kwa jina la mwanangu. Walilieni hao. Na wao wana mama zao."

Mchungaji akainamisha kichwa. Halafu mke wa baba mdogo, yule anayeogopa hata kukohoa mbele za watu, akaanzisha kilio. Wakafuata. Kaka, watu wa Kisondela wamelia siku mbili kwa ajili ya watu wasiowajua. Wanaume walikesha na moto uwanjani. Mimi nimelia mpaka sauti imekatika, na nilikuwa nakulilia na wewe humohumo, nisamehe.

Jumapili ilikuwa siku ya kuanua matanga. Unajua kwetu hayaanuliwi mpaka marehemu atajwe kwa jina. Mchungaji akamgeukia Mama. Mama akanigeukia mimi. "Wanaitwa nani?"

Nikaikunjua barua yako. Nikatazama mbele, nikatazama nyuma, kana kwamba yangejitokeza. Nikamwambia, "Mama, hakuandika."

"Hakuandika?" Akaniuliza hivyo mara moja tu, taratibu. Ningependa angekutukana.

Watu wameondoka lakini matanga hayajaanuliwa. Kitambaa bado kiko kiunoni. Anakunywa uji mwepesi, hilo amelikubali, ila chakula hagusi. Amesema hawezi kula ameketi kwenye msiba wa watu wasio na majina. Hajasema neno jingine juu yako, si baya si zuri. Anauliza hilo tu, kila asubuhi, saa ileile aliyokuwa anakaa kwenye kigoda.

Najua hukusahau. Mtu hasahau hayo. Ulikuwa mahakamani, yalisomwa. Katika barua zako zote za mwaka mzima hujawahi kuwataja, hata kusema kama ni mwanamume au mwanamke, na mimi sikuuliza kwa sababu nilikuogopa. Sasa nauliza. Ni akina nani, Nsajigwa?

Yeye hana siku nyingi za kuishi kwa uji.

Mdogo wako,
Tupokigwe


Gerezani, Dodoma
5 Oktoba 2025

Tupo,

Nimeshika kalamu tangu asubuhi.

Jackson Mhapa. Alikuwa mzee, anauza vitunguu, alikuwa anafunga fungu kwenye mfuko wa mteja.

Lilian Mhapa, mjukuu wake. Darasa la sita. Alikuwa amemletea babu yake chakula cha mchana.

Yatajeni majina hayo mbele ya watu, yote mawili, na huyo mtoto msimtaje wa mwisho. Mtajeni kwanza.

Kuna jambo jingine, na Mama alijue kabla hajavua kitambaa. Siku ya hukumu, mama yake Lilian alinisogelea pale kizimbani. Hakunipiga. Aliniuliza kama nina mama. Nilifikiri Mama akijulikana atatafutwa, ataletwa pale, ataniona. Nikamjibu sina, amekufa.

Msomee na hilo. Halafu umpe ale.

Nsajigwa